Tizi likizidi: maswali ambayo wanawake wa Mtwara na Lindi huuliza mara kwa mara

Jumamosi kabla jua halijachomoza, barabara ya Mtwara mjini kwenda Mikindani inakuwa na watu wa mchakamchaka kuliko bodaboda. Wanawake ni wengi, na ni jambo jema. Lakini kila kundi halikosi wachache ambao tizi limewageukia: hedhi imekata, ugoko unauma, usingizi hauji, na bado wanaongeza kilomita. Ukurasa huu ni wao. Maswali hayakupangwa kwa ukubwa wa tatizo, kwa hiyo kama mkojo wako umekuwa na rangi ya chai ya rangi, ruka moja kwa moja hadi swali la skwati mia mbili. Mengine utayasoma ukishatoka hospitali.

Kwani mazoezi nayo yana kuzidi? Si kila siku tunaambiwa tufanye?

Yana kuzidi, ila kuzidi kwenyewe hakupimwi kwa kilomita peke yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli siku mbili. Anayevuka hapo hajala sumu. Magdalena Shauri wetu aliposhika nafasi ya tatu Berlin Marathon mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, hakufika pale kwa dakika 300 za wiki. Ila mwanariadha wa namna ile kazi yake ni kukimbia, kula na kulala.

Sasa mchukue dada wa Newala au Tandahimba msimu wa korosho. Tangu asubuhi ameinama chini ya mikorosho anaokota, ananyofoa korosho kwenye bibo moja moja, anabeba ndoo, anarudi kupika. Jioni anavaa raba akimbie dakika arobaini kwa sababu "leo sijafanya zoezi". Amefanya, tena la kutosha. Mwili hautenganishi tizi na kazi ya shamba. Vyote vinalipwa na sahani ileile. Nikiulizwa ni kipi kinachowaponza zaidi wanawake wa huku kwetu, nitasema ni hiki: wanahesabu mbio, hawahesabu jembe.

Nina miezi minne sijaona siku zangu tangu nizidishe mazoezi. Wenzangu wanasema ndiyo dalili mwili umekaa sawa. Kweli?

Si kweli, na uzushi huu umewaumiza wengi. Anza na kipimo cha mimba, hata kama una uhakika wako. Kisha jiulize uko kwenye njia gani ya uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu na kijiti hukata hedhi kwa wanawake wengi, na hapo mbio hazina kosa. Vidonge navyo huficha mambo: damu unayoiona kila mwezi imeletwa na vidonge, haithibitishi kwamba ovari zinafanya kazi.

Kama hayo yote hayapo, kuna uwezekano mkubwa chakula hakitoshi kwa kazi unayoupa mwili. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayoitwa haipothalamasi. Hiyo hutoa kichocheo kwa vipindi, kinaiamsha tezi ya pituitari, nayo inaziamsha ovari. Nishati ikipungua kwa muda, vipindi vile vinalegea. Mwili hapo unafanya kama mama mwenye nyumba mwezi ukiwa mkavu: anakata soda, anakata nyama, unga ndio wa mwisho kuguswa. Uzazi hukatwa mapema ili moyo na ubongo viendelee. Estrojeni, kichocheo kinachotoka kwenye ovari, inashuka, hedhi inapotea, na wewe unajiona mwepesi kumbe unadaiwa.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo kwa mtu aliyekuwa akiipata vizuri, nenda kapimwe. Zipo sababu nyingine, kama tezi ya shingo, homoni ya maziwa iliyopanda, au ovari zenye vifuko vingi vya maji, na daktari anatakiwa aziondoe moja moja kabla ya kuyasingizia mazoezi.

Jambo moja dogo linalosahaulika: kukosa hedhi si kinga ya mimba. Mwili ukianza kupona, yai linatangulia na damu inafuata. Wapo waliosubiri kuona siku zao, wakaona tumbo.

Nile kiasi gani basi? Mimi nataka kupungua, sitaki kunenepa.

Tupige hesabu. Wataalamu huangalia nishati inayobaki: chukua kilokalori ulizokula kwa siku, toa zilizoungua kwenye zoezi, halafu gawanya kwa kilo za mwili wako bila mafuta. Zikibaki kama 45 kwa kila kilo, mwili unamudu shughuli zake zote. Zikishuka chini ya 30, vichocheo vya uzazi huanza kuyumba, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba siku tano tu zinatosha kuvitikisa. Namba hizo si ukuta, maana mwingine huyumba mapema na mwingine huchelewa, lakini zinatoa picha.

Mwanamke wa kilo 55, tuseme robo yake ni mafuta, anabaki na kilo kama 41. Kwa siku anakula kilokalori 1,500. Asubuhi amekimbia kilomita 10, ambazo kwa uzito wake zinaunguza kama 550. Zimebaki 950. Gawanya kwa 41: ishirini na tatu. Na hapo sijaingiza ndoo za maji wala kwenda Chikongola sokoni kwa miguu. Kwa mbio hizo alihitaji kula kama 2,400 ili mwili usidai kitu. Anayetaka kupungua akae katikati ya 30 na 45 kwa kila kilo, apungue polepole. Nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa.

Cha kula ni nini? Ugali wa muhogo una nguvu ya kutosha lakini protini yake ni kidogo mno, kwa hiyo usiule na mlenda peke yake ukasema umekula. Weka dagaa, samaki, mbaazi, kunde. Ming'oko ya kuchemsha baada ya mbio ni chakula kizuri tu. Gramu 30 za korosho zina kilokalori kama 165, na inasikitisha kwamba mkoa unaouza korosho nchi za nje una wanawake wanaokimbia na chai kavu tumboni.

Mifupa inahusikaje hapa? Mimi bado kijana.

Ndiyo maana inakuhusu. Sehemu kubwa kabisa ya mifupa ya mwanamke, kama asilimia 90, inakuwa imeshajengwa akifika miaka 18 hadi 20. Estrojeni ndiyo mlinzi wake. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani Barbara Drinkwater na wenzake waliwapima wanariadha wa kike waliokosa hedhi, wastani wa umri wao ukiwa kama miaka 25. Madini kwenye uti wa mgongo wao yalilingana na ya mwanamke wa miaka 51. Kuanzia mwaka 1992 wataalamu wa tiba ya michezo wakayaunganisha mambo matatu kuwa tatizo moja: nishati pungufu, hedhi iliyovurugika na mifupa dhaifu. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikapanua zaidi, ikaonyesha kwamba nishati pungufu inagusa pia moyo, kinga ya mwili, tumbo na akili, na kwamba wanaume nao hawakusalimika.

Usidanganyike kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vitatibu hili. Vitakuletea damu, lakini mifupa haitajengeka kwa sababu hiyo. Dawa ni kula zaidi na kupunguza mazoezi. Hedhi mara nyingi hurudi baada ya miezi kadhaa. Mifupa hujivuta, na kwa wengine haifikii tena pale ilipotakiwa kufika.

Ugoko unauma nikikimbia, nikipumzika unatulia. Nimeze diclofenac niendelee?

Hapana. Bonyeza mfupa wa ugoko kwa kidole kimoja. Maumivu yakitawanyika eneo refu, huenda ni misuli na utando wa mfupa umechoka. Yakiwa sehemu moja ndogo, unaweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, na usiku yanakuamsha, fikiria ufa wa mfupa. Sehemu nyingine za kuogopa ni juu ya unyayo na kinena. Maumivu ya kinena usiyafanyie mzaha hata kidogo, maana ufa kwenye shingo ya paja ukiachwa unaweza kukatika kabisa na kukupeleka kwenye upasuaji.

Tahadhari kuhusu eksirei: wiki mbili au tatu za mwanzo picha inaweza kutoka safi huku ufa upo. Ukiambiwa "hakuna kitu" na maumivu yakaendelea, rudi. Na mwambie daktari habari za hedhi yako hata asipouliza, kwa sababu mwanamke mwenye ufa wa mfupa na hedhi iliyokata ana tatizo moja, si mawili.

Diclofenac inazima kengele tu. Ukiimeza ukiwa na kiu na jasho linakutoka, unazitesa figo pia.

Bibi ananiambia mwanamke akikimbia sana kizazi kinashuka. Je, nitashindwa kuzaa?

Bibi hayuko peke yake. Baada ya mbio za mita 800 za wanawake kwenye Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, wakubwa wa riadha waliziondoa kwa hoja kwamba mwanamke haziwezi, zikarudi mwaka 1960. Marathoni ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1984 tu. Kizazi hakidondoki kwa mbio. Kinachokishusha zaidi ni misuli ya nyonga iliyolegea, hasa kwa uzazi wa mara nyingi au mgumu, na kunyanyua mizigo mizito miaka mingi huongeza.

Kuhusu kuzaa, yai lisipotoka hakuna mimba, kwa hiyo ndiyo, tizi lisilo na chakula linaweza kukuchelewesha. Kwa kawaida hali hii inarekebika.

Nachoka ovyo, ngazi tu moyo unadunda. Ni kukosa pumzi ya mazoezi?

Pima damu kwanza. Hapa kwetu upungufu wa damu ni jambo la kila siku: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 uliukuta kwa asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Kwa asiye mjamzito, himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni pungufu. Hedhi nzito, malaria, minyoo, uzazi wa karibu karibu, vyote vinachangia, na mbio za kuzidisha zinaongeza chumvi kwenye kidonda. Unyayo ukigonga chini maelfu ya mara, chembe nyekundu kadhaa hupasuka. Jasho linatoka na madini ya chuma kidogo. Tena baada ya zoezi kali, mwili kwa saa kadhaa hupokea chuma kwa shida.

Kama siku hizi unatamani kula udongo au kutafuna barafu, usione haya kumwambia muuguzi. Ni dalili inayojulikana. Kunywa chai saa moja au mbili baada ya chakula, siyo pamoja nacho, na kamulia ndimu kwenye dagaa na mboga za majani. Vidonge vya chuma vipo, lakini meza baada ya kupimwa. Mwenye selimundu, au aliyerithi nusu yake tu, amwambie mwalimu wa mazoezi mapema, kwa kuwa kukimbizwa kwa nguvu kwenye joto kunaweza kumwangusha.

Nikivaa nailoni au koti zito natoka jasho sana na mizani inashuka. Kuna ubaya?

Kilichoshuka ni maji. Ukinywa lita moja, kilo moja imerudi. Mafuta hayatoki kwa jasho.

Ubaya ni mkubwa, hasa kuanzia Oktoba hadi Machi, pwani yetu ikiwa na joto na unyevu kiasi kwamba jasho halikauki. Jasho lisipokauka halipozi mwili, na ukijifunga nailoni umeziba hata kile kidogo. Joto la ndani likifika nyuzi 40 mtu anaanza kuongea visivyoeleweka, anayumba, anaanguka. Bado anaweza kuwa analoa jasho, kwa hiyo usisubiri ngozi ikauke ndipo uamini. Mpeleke kivulini, mvue, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kukoma, na gari litafutwe wakati kazi hiyo inaendelea. Asiyejitambua usimnyweshe kitu.

Mkanda wa kubana tumbo nao hauyeyushi chochote. Unazuia kupumua vizuri na kusukuma uzito wote chini kwenye nyonga.

Basi ninywe maji mengi kadiri niwezavyo?

Hapana, kunywa kwa kiu. Maji yakizidi chumvi ya damu inashuka, ubongo unavimba, na mtu anaweza kupoteza maisha. Utafiti wa Boston Marathon ya mwaka 2002 uliwakuta asilimia 13 ya wakimbiaji waliopimwa wakiwa na chumvi pungufu, wengi wao ni wale waliokunywa hadi wakaongezeka uzito njiani. Wenye miili midogo na wanaokimbia polepole wako hatarini zaidi, na hapo wanawake wengi tumo. Ukimaliza mbio una uzito zaidi ya ulioanza nao, kichwa kinagonga na unatapika, usiongezewe maji. Sema umekunywa mengi.

Jana nilifanya "skwati mia mbili" za kushindana. Leo mapaja yamevimba na mkojo ni kama chai ya rangi.

Nenda hospitali sasa hivi, usimalizie kusoma. Misuli imepasuka kwa wingi na kilichomo kinamwagikia kwenye damu, na figo zinaweza kuziba. Ligula kwa walioko Mtwara mjini, Sokoine kwa Lindi, Ndanda kwa upande wa Masasi. Waambie: zoezi jipya, maumivu makali, mkojo mweusi. Maneno hayo matatu yatakufikisha kwenye dripu haraka kuliko ukisema "nachoka". Dawa za maumivu usiguse.

Hili huwapata zaidi wanaoanza, au waliorudi baada ya mapumziko, wakataka kuwaonyesha wenzao siku ya kwanza.

Nikiruka kamba mkojo unanichuruzika. Naona aibu kuuliza.

Ni kawaida kuliko unavyodhani, hata kwa wasichana ambao hawajazaa. Misuli ya nyonga imezidiwa na mshindo. Punguza kuruka kwa wiki kadhaa, tembea kwa kasi au ogelea, na fanya zoezi la kubana kama unayezuia mkojo: bana, hesabu hadi tano, achia, mara kumi, mara tatu kwa siku. Usilifanye ukiwa unakojoa kweli. Ukiona kitu kinajitokeza ukeni, au mkojo unatoka wenyewe muda wote, hilo si la mazoezi, nenda kituo cha afya.

Ramadhani nifanyeje?

Tembea au kimbia polepole nusu saa kabla ya futari, au subiri baada ya tarawehe. Mbio ndefu za asubuhi ziweke kando mwezi huo. Maji yagawe kati ya futari na daku, na daku usiipite.

Nina mimba. Na nikishajifungua, nianze lini?

Mimba isiyo na matatizo haizuii mazoezi. Dakika 150 za wastani kwa wiki zinaruhusiwa, na kipimo rahisi ni kwamba uweze kuzungumza huku unafanya. Damu ikitoka, maji yakivuja, kizunguzungu, kifua kuuma, tumbo kubana kwa vipindi au shavu la mguu mmoja kuvimba: acha papo hapo uende kliniki. Baada ya kujifungua, tembea kwanza. Mbio ziache hadi kama wiki 12, zaidi kama ulipasuliwa. Anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi, kwa hiyo arobaini si wakati wa kujinyima ili "tumbo lirudi", mashoga waseme watakavyo.

Binti yangu yuko kambi ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, anafanya mazoezi asubuhi na jioni. Nimwulize nini mwalimu?

Muulize wanakula nini na saa ngapi. Zoezi mara mbili kwa siku juu ya uji mwepesi na ugali maharage mara moja haliendani na msichana anayekua. Muulize kama kuna siku nzima ya kupumzika kwenye wiki, na kama kuna mwalimu wa kike ambaye binti anaweza kumweleza habari za hedhi. Ambaye amefika miaka 15 bila kuvunja ungo apelekwe kwa daktari, awe mwanamichezo au asiwe. Na mwalimu anayewaambia mabinti "punguza mwili utakimbia zaidi" mbele ya wenzao, mzazi una haki ya kumkalisha chini.

Nikikosa siku moja nakosa raha, nakuwa mkali kwa watoto. Nikiumwa naenda hivyohivyo.

Hapa tizi limeshika usukani. Dalili nyingine ni kula kwa kujiadhibu ("nimekula chapati mbili, lazima nikimbie"), kuficha maumivu, na kukwepa shughuli za watu kwa sababu ya pilau. Ukichunguza, mapigo ya moyo ya asubuhi kitandani nayo yamepanda, usingizi ni wa mang'amung'amu, mafua hayaishi, na kasi inashuka ingawa unaongeza juhudi. Mwenye homa asikimbie kabisa. Virusi vinaweza kugusa moyo. Mweleze mtu mmoja unayemwamini na mtaalamu wa afya ya akili kwenye hospitali ya mkoa. Siku mbili za mapumziko kwa wiki uziandike kwenye ratiba, kwa sababu ukisubiri kujisikia kupumzika, hutajisikia.

Raba za mtumba zinafaa?

Zinafaa nyingi tu, ukijua kuchagua. Ziweke mezani uzitazame kwa nyuma: zikiegemea ndani au nje, aliyezivaa ameshazipa umbo la mguu wake. Bonyeza soli ya kati kwa dole gumba. Ikiwa ngumu na ina mikunjo, imekwisha hata kama juu inang'aa. Jaribu jioni, mguu ukiwa umetanuka, na acha nafasi ya upana wa kidole mbele. Sidiria ya mazoezi ndiyo nunua mpya.